Ukuta Mfupi, Mlango Nusu: Nyumba za Kale za Ireland na Nyua Zake

Huenda mmewahi kuiona picha hii kwenye kalenda au kwenye kadi ya salamu: nyumba ndogo nyeupe iliyoezekwa kwa majani, mlango mwekundu, moshi mwembamba ukipanda juu, na mbele yake ukuta mfupi wa mawe. Chini ya picha pameandikwa Ireland. Tunaitazama, tunatabasamu, kisha mwezi unapokwisha tunafunua ukurasa mwingine.

Lakini nyumba ile haikujengwa ili ipigwe picha. Ilijengwa na watu maskini kwa vitu walivyovipata karibu na miguu yao. Ndani yake mwanamke alipika, alizaa, aliuguza, alimpokea mkwe, na mara nyingine aliagana na mtoto ambaye hangemwona tena. Kila kitu tunachokiona kizuri katika picha ile kilikuwa na kazi yake. Basi tuizunguke nyumba hiyo polepole, kuanzia kuta mpaka uani, tuone jinsi ilivyojaribu kutimiza mambo mawili ambayo kila mama huyahangaikia: kuwalinda walio ndani, na wakati huo huo kutowafungia mlango walio nje.

Nyumba iliyotoka ardhini

Ireland ni kisiwa cha mvua na upepo, na kwa karne nyingi miti mikubwa ilikuwa adimu. Kwa hiyo nyumba ya mkulima ilikuwa na upana wa chumba kimoja tu, kwa sababu nguzo za paa zilikuwa fupi. Mara nyingine watu walichimba magogo ya kale yaliyozama kwenye vinamasi wakayatumia kuezekea. Aliyetaka kuongeza nyumba aliirefusha, hakuipanua. Vyumba vilifuatana kama mabehewa, na ili kufika chumba cha mwisho ulipita jikoni.

Upande wa magharibi, penye mawe tele, kuta zilikuwa za mawe. Sehemu nyingine, kama Wexford kusini-mashariki, nyingi zilikuwa za udongo uliokandwa na majani makavu. Juu ya nguzo za paa waliweka kwanza mabamba ya udongo yenye nyasi na mizizi yake, halafu wakapanga mabua ya shayiri au ya ngano, au matete, wakayabana kwa vijiti vilivyokunjwa. Kwenye pwani ya Atlantiki, ambako upepo unaweza kuondoka na paa zima, waliizungushia nyumba kamba na kuzifunga kwenye vigingi vya mawe vilivyochomoza ukutani. Ndiyo maana paa za huko ni za mviringo. Upepo hauna pa kushika.

Na weupe ule? Ni chokaa. Mawe ya chokaa yalichomwa kwenye tanuri, yakazimuliwa kwa maji, kisha kuta zikapakwa karibu kila mwaka. Chokaa ilizuia mvua kupenya na iliua wadudu. Wako akina mama waliotia humo buluu ya kufulia kidogo ili weupe ung'ae zaidi, kama tufanyavyo kwa mashati ya shule. Kazi hiyo ilifanywa kwa bidii hasa pale zamu ya Misa ilipofika nyumbani. Desturi hiyo ya padre kuadhimisha Misa katika nyumba za waumini, kwa zamu, ilikua katika nyakati ambazo Wakatoliki wa Ireland walibanwa na sheria kali, na iko mahali pengine hadi leo. Mwenye zamu alipaka chokaa, akasugua meza, akafagia uwanja. Majirani wote wangeingia, na hakuna mama aliyetaka waone masizi.

Moto usiozimika

Moyo wa nyumba ulikuwa meko. Kuni zilikuwa haba, hivyo watu walichoma mboji, yaani udongo mweusi wa vinamasi uliojaa mabaki ya mimea ya kale. Ulikatwa kama matofali kuanzia majira ya kuchipua, ukaanikwa, ukasombwa nyumbani kwa vikapu. Juu ya moto huo ulining'inia mkono wa chuma wa kutundikia sufuria. Mkate uliokwa ndani ya chungu kizito cha chuma chenye mfuniko, na makaa yakawekwa juu ya mfuniko. Mama wa Kiswahili anayepalia makaa juu ya wali wake hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Unga ulichanganywa na soda na maziwa ya mgando, na kabla ya kuoka, mama alichora msalaba juu ya donge kwa kisu.

Usiku alikusanya makaa, akayafukia kwa majivu ili asubuhi ayakute hai. Alifanya hivyo huku akisali, akiiweka nyumba na waliolala ndani yake mikononi mwa Mungu, na mara nyingi akimtaja Bikira Maria na Mtakatifu Brigida. Ziko familia zilizojisifu kwamba moto wao haukuwahi kuzimika tangu enzi za babu wa babu. Tunaweza kufikiri ni majigambo tu, lakini fikirieni maana yake: kila usiku, kizazi baada ya kizazi, alikuwako mtu aliyelala wa mwisho kwa ajili ya wengine. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mama.

Huyo Brigida wa Kildare ni mtakatifu mpenzi wa nyumba hizi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari watu husuka msalaba wa majani ya kinamasi na kuutundika juu ya mlango au chini ya paa, wakiomba nyumba isipatwe na moto wala njaa. Tangu mwaka 2023 iko siku ya mapumziko ya taifa kwa ajili ya sikukuu yake, ya kwanza nchini humo kuwekwa kwa heshima ya mwanamke.

Mlango uliogawanyika

Sasa tusimame mlangoni. Mlango wa nyumba hizi mara nyingi ulikuwa na kipande cha ziada kwa nje, cha nusu kimo. Mchana mlango wenyewe uliachwa wazi na kile kipande kikafungwa. Mwanga na hewa viliingia, kuku na nguruwe wakabaki nje, na mtoto anayetambaa akabaki ndani. Mama aliweza kuegemeza viwiko pale juu na kuzungumza na mpita njia bila kuacha sufuria yake.

Nyumba nyingi zilikuwa na milango miwili iliyotazamana, mmoja mbele na mmoja nyuma. Upepo ukivuma upande huu, ulifungwa huu na kufunguliwa ule. Lakini mgeni alitakiwa kutoka kwa mlango ule ule alioingilia, asije akaondoka na baraka za nyumba. Na alipoingia hakunyamaza. Alitangulia kuwaombea baraka ya Mungu wote waliomo, ndipo akakaribishwa karibu na moto. Sisi tunaopiga hodi na kungoja karibu tunaielewa lugha hiyo.

Jioni za majira ya baridi majirani walikusanyika katika nyumba moja kwa hadithi, habari na nyimbo. Benchi la mbao lililokaliwa mchana liliweza kufunguliwa usiku likawa kitanda cha watoto, au cha msafiri aliyekosa pa kulala. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imejiandaa kwa ajili ya mtu mmoja zaidi.

Chumba cha mama mkwe

Jambo hili linatugusa sisi tulioolewa. Katika miaka ya 1930 watafiti wawili wa Kimarekani, Conrad Arensberg na Solon Kimball, waliishi miongoni mwa wakulima wa wilaya ya Clare. Waliona kwamba mtoto wa kiume aliyerithi shamba alipooa, wazee walihama sehemu yao ya kulala na kuingia chumba cha magharibi, nyuma ya meko. Hicho kilikuwa chumba cha heshima. Humo zilikaa picha takatifu na vyombo bora vya nyumba. Mara nyingi mkataba wa ndoa ulitaja kabisa haki za wazee: kukaa kwao, chakula chao, na nafasi yao karibu na moto.

Tusidhani kwamba mambo yalikuwa shwari kila siku. Wanawake wawili, jiko moja, na ukuta mmoja kati ya vitanda vyao. Kila mmoja wetu anaweza kumalizia hadithi hiyo. Mke mpya aliingia na mahari aliyopewa na baba yake, lakini alikuta kila kijiko kina mahali pake tayari. Mama mkwe naye aliambiwa aachie funguo alizoshika miaka thelathini. Hekima ya mpango ule ilikuwa katika kusema mapema, mbele ya mashahidi, nani atakaa wapi na nani atapewa nini. Ni nyumba ngapi zimevunjika kwa sababu jambo hilo lilidhaniwa linaeleweka, na halikusemwa kamwe?

Katika sehemu za kaskazini-magharibi palikuwa na mpango mwingine wa upole. Ukuta ulio karibu na meko ulitokezwa kidogo kwa nje ili kupata nafasi ya kitanda, na pale walilala wazee, karibu na joto na karibu na mazungumzo. Mzee hakuwekwa kando ya maisha ya nyumba.

Bibi wa aina hiyo walilea watoto wengi. Teresa Kearney alizaliwa Arklow, wilaya ya Wicklow, mwaka 1875, akafiwa na mama yake akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake. Mwaka 1903 alifika Uganda akiwa mtawa, na huko alianzisha zahanati, shule na shirika la masista wa Kiafrika. Watu walimwita Mama Kevina. Malezi ya bibi mmoja wa Ireland yaliwafikia hata wagonjwa wa Nsambya.

Ua wa mawe bila saruji

Sasa tutoke nje. Magharibi mwa Ireland ua wa nyumba na wa shamba ni ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Kwenye visiwa vitatu vya Aran, kwenye mdomo wa ghuba ya Galway, inakadiriwa kuna kilomita zipatazo 2,400 za kuta kama hizo, ingawa wakazi hawafiki 2,000. Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu visiwa hivyo ni mwamba mtupu. Ili kupanda kiazi, ilibidi mawe yaondolewe kwanza, na mahali pa kuyaweka palikuwa pembeni. Halafu watu walibeba mchanga na mwani kutoka ufukweni, kikapu baada ya kikapu, wakayamwaga juu ya mwamba mpaka pakawa na udongo. Ua ulizuia upepo usiupeperushe udongo huo. Kwa kweli ukuta ule ulikuwa unalinda chakula cha watoto.

Ukiutazama kwa karibu utaona mwanga ukipenya katikati ya mawe. Mgeni anaweza kudhani fundi alikuwa mvivu. Kumbe matundu yale ndiyo yanayouokoa. Ukuta uliozibwa kabisa hupokea nguvu yote ya dhoruba ukaanguka. Wenye matundu huupunguza upepo na kuuacha upite.

Tena mashamba mengi ya huko hayakuwa na lango, kwa kuwa mbao zilikuwa ghali. Mkulima alipotaka kumpitisha ng'ombe alibomoa sehemu iliyojengwa kwa mawe mepesi, akampitisha, kisha akayarudisha mawe moja moja. Ukuta ulifunguka kwa mwenye haja, ukafungwa tena kwa mkono.

Ufundi huu ni wa kale mno. Wilayani Mayo, katika miaka ya 1930, mwalimu wa shule Patrick Caulfield alipokuwa akikata mboji alikuta mawe yaliyopangwa chini kabisa ya kinamasi. Baadaye mwanawe Seamas, aliyesomea mambo ya kale, alionyesha kwamba zilikuwa kuta za mashamba. Mahali hapo panaitwa Céide Fields, na wataalamu wengi wanazikadiria kuta hizo kuwa na umri wa zaidi ya miaka 5,000. Mwaka 2024 ufundi wa Ireland wa kujenga kwa mawe makavu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu, pamoja na ule wa nchi nyingine za Ulaya.

Kusini-magharibi, katika Kerry na Cork, ua mara nyingi ni wa mimea. Huko umeenea mti mfupi uitwao fushia, wenye asili ya Amerika ya Kusini, ambao maua yake mekundu huning'inia kama hereni. Kwa Kiayalandi yanaitwa deora Dé, maana yake machozi ya Mungu.

Kuta zilizobaki bila paa

Jina hilo linatukumbusha kile ambacho kalenda haionyeshi. Mwaka 1841 karibu nusu milioni ya nyumba za Ireland zilihesabiwa katika daraja la chini kabisa, vibanda vya udongo vya chumba kimoja. Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi, ambavyo vilikuwa chakula cha maskini. Kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine milioni moja na zaidi walikuwa wameihama nchi. Mwaka 1851 vibanda vile vilikuwa vimebaki kama 135,000 tu.

Sheria ya mwaka 1847 ilisema kwamba mwenye kukodi ardhi inayozidi robo ekari hatapewa msaada wa chakula mpaka aiachie ardhi hiyo. Hebu mjiweke mahali pa mama aliyesimama kwenye ua wake, watoto nyuma yake, akichagua kati ya uji wa leo na shamba la kesho. Walioshindwa kulipa kodi walifukuzwa, na mara nyingi paa lilibomolewa mbele ya macho yao ili wasirudi. Baadhi ya kuta ndefu zinazopanda vilima hadi leo zilijengwa na wenye njaa kwa ujira mdogo. Kule Slievemore, kisiwani Achill, yamebaki magofu ya nyumba 80 hadi 100, na matuta ya viazi bado yanaonekana kwenye mteremko.

Wanawake waliotaka maji ya bomba

Hata nyumba zilizosalia hazikuwa rahisi kwa aliyezitunza. Sakafu ilikuwa mara nyingi ya udongo, moshi uliuma macho, na maji yaliletwa kwa ndoo. Kuku walikuwa mradi wa mama. Fedha ya mayai ilinunua chai, sukari na viatu. Peig Sayers, mama na msimulizi maarufu wa kisiwa cha Great Blasket, alimsimulia mwanawe maisha yake yakaandikwa na kutolewa kitabu mwaka 1936. Mwaka 1953 watu wa mwisho walihamishwa kisiwani humo, kwa kuwa vijana walikuwa wamekwisha kuondoka.

Umeme ulianza kusambazwa vijijini mwaka 1946. Chama cha wanawake wa vijijini, kilichoanzishwa mwaka 1910 wilayani Wexford, kilikuwa miongoni mwa waliopigania umeme na maji ya bomba. Wanawake hao walizipenda nyumba zao, na kwa sababu hiyo hiyo hawakukubali binti zao wavunjike mgongo kwa ndoo. Leo nyumba za majani zilizobaki ni chache. Serikali hutoa ruzuku za kuezeka upya, ingawa wenye nyumba hulalamikia ugumu wa kupata bima ya moto.

Kuishi kivulini mwa wenzetu

Waayalandi wana methali isemayo kwamba watu huishi kivulini mwa wenzao. Kivuli hapa maana yake ni kinga, kama mtu anavyojikinga upepo nyuma ya ukuta. Methali hiyo imeandikwa katika nyumba zile bila wino.

Nasi, akina mama, tunajenga. Tunapandisha kuta, tunatia vyuma madirishani, tunapachika chupa zilizovunjika juu ya ua, na wizi ulivyo siku hizi hatuwezi kulaumiana. Lakini tujiulize maswali machache. Je, jirani mwenye shida ataona pa kupitia, hata kama ni kwa kuondoa jiwe moja moja? Je, mzee wa nyumba amepewa mahali penye joto, au pale palipobaki? Je, mambo ya mkwe na mama mkwe yamesemwa wazi kwa upendo, au kila mmoja anayahesabu kimoyomoyo? Na usiku, taa zinapozimwa, yuko mtu anayefukia makaa na kuwaombea waliolala?

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji chokaa wala paa la majani. Linaweza kufanyika leo jioni, katika chumba cha kupanga, kwa mama anayeacha nusu ya mlango wazi.